Makuti ndani ya bwawa: kisa cha kambamiti waliodumaa Lukuledi

Siku mjomba alipoamua makuti niliyomshauri ayaning'inize bwawani, ili kambamiti wapate chakula na maficho, yatolewe, tulikuwa juu ya tuta, yeye na kimia, wavu wa kutupa, begani, mimi na mizani ya dukani mkononi. Bwawa la kwanza, lile lisilo na makuti, alitupa mara tatu akatoa kamba 27. Bwawa la pili, lenye makuti, alitupa mara tano: mara mbili kimia kikanasa kwenye mwanzi, mara tatu kikatoka na kamba sita jumla. Nao sita wenyewe wembamba, wamelegea, kama waliookotwa.

“Mpwa wangu,” akaniambia, “umenijengea nyumba majini. Kamba wamekufa, tumebaki na paa.”

Bamvua, zile siku za maji kujaa na kupwa sana, lilikuwa linaanza kesho yake. Alikusudia kufungua mlango wa maji, kupunguza kina, kisha vijana waingie wang'oe kila kitu. Nilikuwa na usiku mmoja wa kumjibu. Tangu hapo nimeulizwa habari za yale makuti na watu kadhaa wenye mabwawa, na wote huanzia palepale: mliweka mangapi? Nitasema mangapi. Lakini idadi haikuwa tatizo letu. Karibu tupoteze msimu kwa sababu nyingine, na nyingi kati ya hizo hazina uhusiano na makuti.

Maji yenyewe

Shamba liko ukingoni mwa mkondo wa Lukuledi, mto unapokaribia kuingia ghuba ya Lindi, ng'ambo ya mji. Zamani yalikuwa majaruba ya chumvi. Bei ya chumvi ilipomchosha, mjomba alichimba majaruba mawili yakawa mabwawa ya mita za mraba 400 kila moja, kina cha mita moja hivi. Kimbunga Hidaya kilipopita Mei 2024, mwaka ambao barabara ya Kusini ilikatika maeneo ya Somanga, matuta yalibomoka upande wa mto. Tuliyajenga upya kiangazi chote. Kisa hiki ni cha msimu wa mvua uliofuata.

Asiyezijua mvua za kwetu anaweza kushangaa kwa nini mtu wa pwani alie na uhaba wa chumvi. Kusini tuna msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, mwaka mwingine hadi Mei. Kiangazi maji ya mlangoni kwetu ni bahari tupu, gramu 35 za chumvi kwa lita, na bwawani jua huyapandisha zaidi. Mvua zikishika nchi ya juu, Lukuledi unajaa na bahari inasukumwa nyuma. Unafungua mlango maji yakiwa juu kabisa, unategemea bahari, linaingia tope tamu la mtoni.

Tulipandikiza katikati ya Januari, vifaranga 3,200 kila bwawa, yaani 8 kwa mita ya mraba. Siku hiyo kipima chumvi kilisoma gramu 24. Mwisho wa Februari kilisoma 9. Katikati ya Machi, siku ile ya kimia, kilisoma 5.

Kambamiti anaishi kwenye gramu 5. Kuishi na kukua ni mambo mawili. Maji ya mwilini mwake yanalingana na maji ya nje yenye gramu 25 hivi. Hapo hana kazi ya ziada. Chumvi ya nje ikishuka chini ya hapo, maji yanamwingia na chumvi inamtoka, naye analazimika kuirudisha kwa mashavu yake, yale anayopumulia, kutwa kucha. Kazi hiyo inakula chakula. Unamlisha, naye anakitumia kulinda chumvi yake badala ya kutengeneza nyama. Ni kama kumlipia mtu mshahara wote uishie kwenye nauli.

Tena hakui kidogo kidogo kama kuku. Hukua kwa kujivua gamba. Siku ya kujivua ananyonya maji, anavimba, gamba jipya linakaukia kwenye umbo kubwa, na kalisiamu ya kulikausha anaichukua zaidi majini. Saa hizo ni laini mno, hawezi kuogelea vizuri, na wenzake wana njaa. Katika maji yenye chumvi kidogo ndipo uchovu huwa mkubwa na gamba huchelewa kukauka. Ukiona kamba wamedumaa na idadi inapungua bila mizoga kuelea, fikiria siku za kujivua. Mzoga hauelei kwa sababu umeshaliwa.

Mjomba alikuwa na dawa mbili kichwani. Ya kwanza, kuongeza maji ya kisima ili bwawa lijae. Nilikataa, na hapo niko tayari kubishana na yeyote. Maji ya bahari yaliyochanganyika na ya mto yamepungua nguvu tu. Mchanganyiko wa madini umebaki ule ule wa bahari, ambamo sodiamu ni kama mara 28 ya potasiamu. Maji ya chumvichumvi ya kisima cha bara yanaweza kusoma gramu 5 vilevile kwenye kipima, huku potasiamu karibu hakuna. Kamba humo hukakamaa mkia ukimshika, au hufa tu. Kipima chumvi hakijui ni chumvi gani.

Dawa ya pili ilikuwa ya mtu aliyekulia kwenye chumvi: yale maji machungu yanayobaki jarubani baada ya chumvi kuganda, ambayo siku zote humwagwa. Wazo ni zuri kuliko alivyojua mwenyewe, kwa maana maji hayo yamejaa magnesiamu na potasiamu. Tatizo ni kwamba msimu wa mvua hakuna anayepika wala kuanika chumvi. Alikuwa amehifadhi madumu mawili ya lita 20. Bwawa lina lita laki nne. Nilimwambia, mjomba, hiyo ni lita moja kwa lita elfu kumi, ni kumkaribisha mgeni kwa punje ya wali. Mwaka huu tumejaza pipa kiangazi, lakini hiyo ni habari nyingine.

Ukoga ambao manahodha wanauchukia

Kuweka vitu majini ili viumbe vije kula hakukuanzia kwetu. Wavuvi wa Benin, kwenye ziwa Nokoué, wanachomeka matawi kwa maelfu na kuyaita acadja, samaki wanajikusanya humo. Kwa kambamiti wanaofugwa kwenye maji yenye chumvi kidogo, wafugaji wa Asia wametumia mianzi, majani ya minazi, makapi ya miwa na mabua ya mpunga.

Wazo lenyewe kila mtu wa pwani analijua kwa upande wa hasara. Acha mashua majini wiki mbili, upande wa chini unashika ukoga: utelezi wa kijani, halafu manyoya, halafu chaza. Ndiyo maana vyombo hupandishwa, vikakwanguliwa, vikachomwa, vikapakwa sifa, yale mafuta ya papa. Ule ukoga wa kwanza, kabla ya chaza, ni vijimea, bakteria, viminyoo na vidudu visivyoonekana kwa macho, vyote vimeshikana kama uji uliogandia sufuria. Nahodha anauona uchafu. Kambamiti anauona mezani. Tazama miguu yake ya mbele: jozi tatu za kwanza zina vikoleo vidogo nchani. Havikuumbwa kwa kurarua, ni vya kudonoa, na hudonoa kutwa.

Bwawa tupu lina meza moja tu, sakafu, na sakafu ndiko kunakoangukia kinyesi, mabaki ya chakula na magamba. Ukining'iniza vitu katikati ya maji umeongeza meza safi, mahali penye mwanga na hewa.

Hiyo ndiyo faida inayotangazwa. Mimi iliyonivuta ni nyingine. Ukoga una bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa kwa kamba. Nitriti ni sumu kila mahali, ila baharini kamba ana kinga: kloridi nyingi ya maji ya chumvi inagombea njia ileile ya kuingilia mashavuni, nitriti inakosa nafasi. Punguza chumvi kutoka gramu 24 hadi 5 na umeondoa sehemu kubwa ya walinzi mlangoni. Kiasi cha nitriti ambacho Januari kamba hakihisi, Machi kinaweza kumlaza. Kwa hiyo bwawa la chumvi kidogo linahitaji ukoga wa kusafisha kuliko bwawa la chumvi nyingi, na lenyewe halina.

Halafu kuna maficho. Kamba laini anayeweza kupanda nyuma ya kuti ana nafasi ya kuuona usiku wa pili.

Mjomba aliponielewa, wazo lake la kwanza lilikuwa mikoko, maana iko hatua ishirini kutoka tutani. Hapana. Mikoko ni hifadhi, huikati bila kibali, na hata kama kibali kingekuwepo: nani asiyejua kwamba magome ya mkandaa hutumika kutia rangi na kukaza ngozi? Dawa ile ile ya kukaza ngozi ya ng'ombe unataka kuichemsha polepole kwenye bwawa la kamba? Tukabaki na kilichopo: minazi yake mwenyewe, na mianzi ya kununua.

Jinsi tulivyoharibu

Mwanzoni mwa Februari alikuja mkwezi kuangua madafu. Akasafisha na vilele, yakadondoka makuti mabichi zaidi ya hamsini. Mjomba akayaona, akaniona, akasema kwa nini yapotee. Mimi nilikuwa na haraka. Tuliyafunga kwenye mianzi siku hiyohiyo, mabichi, na majani yake yote, tukayazamisha bwawa la pili mpaka ncha zikagusa tope.

Siku ya pili maji yalikuwa rangi ya chai. Siku ya tatu, kabla ya alfajiri, kijana anayelala shamba alinipigia simu: kamba wote wako juu, pembeni, wamepanga pua kwenye ukingo. Nilikuwa nimeazima kipima oksijeni. Kilisoma miligramu 1.8 kwa lita. Chini ya 3 kamba ameshaanza kuteseka.

Majani mabichi yana sukari na utomvu. Bakteria huyavamia kwa fujo, na fujo hiyo inakula oksijeni. Mchana vijimea vya bwawa vinarudisha, usiku havirudishi, na wakati mbaya kuliko wote ni kabla ya jua kuchomoza. Haya yako vitabuni. Kilichokuwa chetu peke yetu ni kwamba tulichagua maji mafu. Bamvua lilikuwa limepita siku tano nyuma. Kwa wiki nzima maji yakijaa hayakufika hata kizingiti cha mlango wetu. Hata tungetaka kubadilisha maji, bahari haikuwa na maji ya kutupa. Tulikodi pampu ya umwagiliaji, tukawa tunachota bwawani na kumwaga bwawani humohumo kwa kurusha juu, usiku mbili, tukitoa makuti yanateleza na kunuka yai viza. Tuliokota mizoga 140. Waliokufa chini na kuliwa sijui.

Jirani yetu wa upande wa mto ni bibi mmoja anayesuka kamba za usumba. Makumbi yake huyafukia kwenye tope la mkondo, maji kupwa maji kujaa, miezi na miezi, mpaka nyama ya kumbi inaoza na kubaki nyuzi, kisha anayatwanga. Asubuhi ile alikuja na kanga kichwani, akasimama tutani akivuta pumzi.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mjukuu wangu. Mnafukia makumbi?”

Nilimweleza. Akacheka, si kwa ubaya. “Makumbi tunayapeleka mtoni yaoze huko, harufu ichukuliwe na maji. Yakishaoza ndiyo tunayaleta nyumbani. Nyie mmeanza na nyumbani.”

Sikuwa na la kuongeza. Mwalimu wangu yeyote angeeleza jambo hilo kwa saa nzima, na pengine alilieleza, nikawa sisikilizi.

Mara ya pili

Safari hii tulinunua makuti makavu yaliyosukwa, yale ya kuezekea. Makavu yamekwisha kupoteza utomvu mwingi juani, na kuti lililosukwa lina uso mpana. Tuliyafunga mafungu, tukayatupa mkondoni karibu na makumbi ya bibi kwa siku 14, yakiwa yamefungwa kwenye vigingi. Siku tatu za kwanza yalitoa rangi, baadaye yakaacha. Tulipoyatoa yalikuwa yameshaanza kuteleza mkononi, maana yake ukoga ulikuwa umeshaingia, wa bure.

Idadi, kwa wanaouliza: tulilenga uso wa kuti uwe nusu ya eneo la bwawa, mita za mraba 200. Kuti letu lina urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 40. Pande zote mbili zinahesabiwa, kwa hiyo kuti moja ni mita 1.6. Mia mbili gawa kwa 1.6 ni 125. Wengine hufikia eneo sawa na bwawa zima. Sisi hatukuwa na mashine ya kuzungusha hewa, na kila kitu kinachokaa majini hupumua usiku. Nusu ilitutosha na ilitutia hofu.

Hatukuyaweka yote kwa siku moja. Tulisubiri bamvua la mwisho wa Februari, tukaweka 40, tukapima alfajiri tatu mfululizo, tukaweka 40 mengine, tukapima, tukamalizia. Yalining'inia kwa ubavu, urefu wake ukifuata mianzi iliyolazwa juu ya maji, ncha za chini zikiwa zimeachwa zaidi ya shubiri moja juu ya sakafu. Kuti likigusa tope hufunikwa, na chini ya tope hakuna ukoga wa maana, kuna weusi na uvundo tu. Mistari tuliifuatisha na upepo, maji yapite katikati. Mita tatu za kuzunguka mlango tuliziacha wazi.

Bwawa la kwanza tuliliacha tupu, si kwa sababu za kitaalamu. Fedha ya makuti iliisha.

Usiku wa tochi

Narudi kwenye ile siku ya kimia. Nilikuwa na shaka yangu. Kimia huvua kilichopo mahali kinapoweza kufunguka. Bwawa tupu hufunguka popote, kwa hiyo mitupo mitatu inakupa picha ya bwawa. Bwawa lenye makuti hufunguka pembeni tu na karibu na mlango, na kamba anayekaa pembeni mchana kweupe, wakati kuna maficho na chakula katikati, kwa kawaida ana shida zake. Tulikuwa tunapima wagonjwa na kuwaita kijiji.

Ila shaka haimshawishi mtu aliyekwisha kuzika kamba 140 kwa ushauri wako. Nilimwomba mjomba tuje saa nne usiku.

Macho ya kamba yakipigwa tochi hung'aa mekundu, kama makaa. Tuliingia kwenye maji mpaka kiunoni, polepole, kwenye mstari wa tatu. Akaelekeza tochi kwenye kuti moja. Tulihesabu jozi kumi na moja za macho upande mmoja. La pili, tisa. La tatu akaacha kuhesabu. Wengine walikuwa wamejishika wima, kichwa chini, vikoleo vinakwenda haraka haraka kama mtu anayechambua mchele. Pembeni ya mlango palikuwa na macho mawili matatu tu.

Nilitega ndoo chini ya kuti, nikalikung'uta. Tukapata kamba saba. Nikamshika mmoja, nikamweka mbele ya tochi. Ukimtazama hivyo unauona utumbo, mstari mmoja mgongoni toka kichwani hadi mkiani. Wake ulikuwa umejaa bila kukatika, rangi ya kijani iliyoiva kuelekea weusi. Tukaenda bwawa la kwanza, tukapata wengine kwa kimia. Utumbo wao ulikuwa wa rangi ya kahawia, ya chakula chetu, umekatika katikati, na kwa wawili ulikuwa mtupu. Walikuwa wamekula saa kumi na mbili jioni, na tokea hapo hawakupata kitu.

Mjomba aliwashika wote wawili, mmoja kila mkono, akawa anawazungusha kwenye mwanga kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Huyu amekula mara mbili.” Hakuzungumzia tena kung'oa.

Kuanzia usiku huo hatukuamini kimia kwa bwawa la pili. Tulitumia masinia ya chakula, manne kila bwawa, tukiyatoa baada ya saa mbili. La bwawa la pili lilirudi na mabaki mara kwa mara, nasi tukapunguza chakula hadi robo tatu ya kile tulichokuwa tukitoa. Hapa pana mtego. Mtu akiona mabaki kwenye sinia huhofia kamba wamekufa au wanaumwa, na huenda ni kweli. Sinia likirudi na mabaki huku utumbo umejaa kijani, wameshiba kwingine. Sinia likirudi na mabaki huku utumbo mtupu, kimbia ukapime oksijeni.

Mavuno, na ninachokataa kudai

Tulivuna katikati ya Mei, wiki ya 17. Bwawa tupu lilitoa kilo 22, wastani wa gramu 18 kwa kamba. Bwawa la makuti lilitoa kilo 31, wastani wa gramu 20. Kwa chakula, la kwanza lilikula kilo 60, la pili 52.

Soma vizuri kabla ya kwenda kukata minazi. Gramu 2 za wastani ni kitu, lakini si kitu kikubwa. Kilichozaa kilo 9 zaidi ni idadi: kamba 1,550 dhidi ya 1,220 hivi, katika bwawa ambalo Februari tuliliua nusu kwa mikono yetu. Chumvi ilipokuwa gramu 5 mabwawa yote mawili yalikua polepole. Makuti hayakuongeza chumvi hata chembe, na kambamiti wa gramu 20 kwa wiki 17 bado ni kamba aliyecheleweshwa. Kilichobadilika ni kwamba kwenye bwawa la pili wengi zaidi walivuka zile siku za gamba laini, na walipozivuka walikuwa na chakula karibu, tusichokinunua.

Tena mabwawa haya si mapacha. La pili liko karibu na mlango, hupata maji mapya kwanza, na lina kina kidogo zaidi upande mmoja. Lilikuwa pia na kamba wachache baada ya ajali, na wachache hupata nafasi zaidi. Mtu akiniambia kilo zote 9 ni za makuti, nitamwomba anioneshe kwa kipimo gani. Ninachoweza kusimamia ni utumbo wa kijani na kilo 8 za chakula tulizookoa.

Gharama nyingine haziandikwi kwenye mizani. Kuvuna bwawa la makuti kulichukua siku mbili badala ya asubuhi moja. Ilibidi kutoa kila mwanzi kwanza, kukung'uta kila kuti juu ya ndoo, na vijana wawili walichomwa na chaza walioota kwenye mianzi. Na makuti yenyewe yalikuwa yamekwisha. Yalitoka vipandevipande, jani limebaki nyuzi, upongoo peke yake ndio uliobaki mzima. Yangekuwa yamepita wiki tatu nyingine yangeanza kuoza sakafuni na kutupelekea tena ile chai ya Februari. Kuti moja, msimu mmoja, si zaidi.

Msimu ujao tunabadilisha: bwawa la kwanza ndilo litapata maficho, la pili litabaki tupu. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya makuti 125 mengine wakati bibi wa makumbi alipopita kuomba pongoo kwa ajili ya kuni. Alichukua moja, akalivunja, akauliza kwa nini tunatumia kitu kinachooza miezi mitatu wakati yeye ana kitu ambacho kimekwisha kuoza na kumaliza. Kamba ya usumba hukaa kwenye maji ya chumvi miaka, ndiyo maana zamani vyombo vilishonwa kwayo. Ina manyoya kila upande, na kama alivyosema siku ile ya harufu, sehemu ya kunuka imeshaachwa mtoni.

Mjomba alimtazama, akanitazama. “Kamba kwa kamba,” akasema, na kwa mara ya kwanza msimu ule nilimsikia akicheka tutani.

Ameagiza pima 200. Za kwanza 30 zimeshafungwa kwenye mianzi ya bwawa la kwanza, zinaloweka, na wiki iliyopita nilizipitishia kidole: zinateleza.